Maombi Juu ya Beseni la Minyoo

Watu huja kwangu kuomba moto, kuomba chumvi, na jirani yangu wa juu huomba hata kamba ya mbuzi, kisha huisahau kwake mpaka mbuzi mwenyewe anikumbushe. Lakini Ndinda ndiye mtu wa kwanza kuja hapa Murera kuniomba ugonjwa.

Alisimama kwa geti, msichana mrefu mwenye buti za mpira, ndoo mkononi.

"Hodi shosho," akaniita, kama anavyoitwa bibi. "Nimesikia nyanya zako zimekufa."

"Zimekufa, tena zote," nikamwambia. "Umekuja matanga? Ungebeba sukari."

Akacheka, na mtu akicheka kwa geti langu mimi humfungulia.

Alisema anafanya kazi kwa Muriithi, yule mwenye kitalu cha miche kando ya barabara ya kwenda Theta, aliyejenga nyumba ya plastiki kubwa kuliko kanisa letu. Muriithi namjua. Ni mzee wa kanisa, na tangu apewe hicho cheo hata kukohoa anakohoa polepole.

Ndinda akaingia shambani, akang'oa mnyanya mmoja uliokauka, akaupangusa udongo. Mizizi ilikuwa na vinundu, imevimba huku na kule kama tangawizi. Mimi niliona aibu kama mtu aliyefunuliwa sufuria chafu. Yeye aliiinua juu kama amepewa mtoto amshike.

"Ai, shosho! Hii ni safi! Sijaona shamba kama hili tangu nitoke Yatta!"

"Mwanangu, hili shamba halijawahi kusifiwa. Na anayelisifu amekuja na ndoo."

Akanieleza kwamba ndani ya vile vinundu kuna minyoo midogo ambayo jicho haliioni. Inaingia kwenye mzizi, inakaa humo kama mpangaji asiyelipa, inanyonya. Nyanya inakufa kiu na maji yako pale miguuni pake. Yeye alitaka mizizi yangu na udongo wangu, apate hiyo minyoo ikiwa hai.

Sasa, kwetu udongo wa shamba hautolewi hivi hivi. Nikamtazama kutoka buti hadi kitambaa cha kichwa.

"Wewe jina lako Ndinda. Umetoka Ukambani. Unataka udongo wangu na mizizi yangu. Hiyo dawa utampikia nani?"

"Shosho, nikitaka kumroga Mkikuyu sichukui udongo. Nasogeza tu jiwe la mpaka wake kidogo, anamalizwa na hasira."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilimpa ndoo mbili zilizojaa. Lakini nikamwekea sharti moja: niende nami nione minyoo yangu inapelekwa wapi. Kujua hakujawahi kuniumiza. Kutojua ndiko kunakoniwasha.

Basi nikawa mtu wa kule. Muriithi alinikuta nimekaa kwenye kreti, akaguna, lakini hakuna mzee wa kanisa anayemfukuza mama wa umri wangu mbele ya wafanyakazi. Nilipewa kazi ya kujaza mchanga kwenye makopo. Mchanga wenyewe ulikuwa umechemshwa ndani ya pipa kwa mvuke, eti kuua kila kilicho hai.

"Tunaua minyoo yote," nikasema, "halafu tunaleta mingine?"

"Tunaleta ile tunayoijua tu," akasema Ndinda. "Ile tumeipa mwaliko."

Mizizi yangu aliikatakata, akaitikisa ndani ya chupa na maji na Jiki kidogo, ile ya kung'arishia nguo, akaisuuza sana kwenye chekeche nyembamba kuliko za chai. Kilichobaki kilifanana na maji ya kuoshea vikombe. Siku chache baadaye alidondosha tone moja kwenye kioo, akakiweka chini ya hadubini iliyokuwa stoo, akanivuta.

"Fumba jicho moja, shosho."

Kwanza niliona kope zangu. Halafu nikaona weusi. Halafu, Ngai wangu, nikaona kiuzi kimoja chembamba, kinajikunja na kujikunjua kama mtu anayetafuta upande wenye baridi kitandani. Nikakaa hapo mpaka mgongo ukalalamika.

"Huyu ndiye alikula nyanya zangu?"

"Huyu na ndugu zake."

"Na hata tumbo hana!"

Ndinda alikuwa na nyanya aliyoitengeneza mwenyewe. Alikuwa amechukua nyanya ya kawaida na nyanya moja ndogo ya porini, chungu, ambayo hata ndege huitema, akazioanisha. Alipaka chavua ua kwa ua kwa brashi ndogo kama ile ya kupaka kucha rangi, akachagua watoto, akaoanisha tena, mwaka baada ya mwaka. Alitaka utamu wa mama na ukali wa baba. Alisema baba ana mizizi isiyoingilika na minyoo. Kilichobaki ni kujua kama watoto walirithi mizizi au walirithi uchungu peke yake. Watoto wengine wako hivyo. Mimi nina wawili.

Njia ya kujua ni kuwatia minyoo na kungoja. Na kando yao unapanda nyanya ya kawaida, ile inayougua upesi, nayo unaitia minyoo ile ile. Kazi yake ni kuugua. Isipougua, huwezi kujua kama ile nyingine imeshinda au haikupigana.

"Basi hiyo ni shahidi," nikasema.

"Ndiyo, shosho. Shahidi wangu."

Muriithi alikuwa amemwambia wazi kwamba hili ni jaribio la mwisho. Ikionekana nyanya yake inakataa minyoo, atazalisha mbegu na kuziuza. Ikishindwa, anang'oa kila kitu apande pilipili hoho za wateja wa Ruiru. Mama yake Ndinda aliacha nyanya kule Yatta kwa sababu ya minyoo hiyo hiyo, siku hizi anauza makaa. Ndinda hakunieleza hayo akilia. Alinieleza huku akifunga minyanya kamba, lakini alivuta fundo moja mpaka likakata shina, na Ndinda hakuwa mtu wa kukata shina.

Ikafika siku ya kumwaga minyoo. Hapo Muriithi akasema jambo kubwa haliwezi kuanza bila maombi. Akamwita Pasta Njau, na Pasta akaja na akina mama wa ushirika waliovaa vitambaa vyeupe. Asubuhi Ndinda alikuwa ameitazama minyoo kwenye hadubini, iko hai, inacheza. Aliimimina ndani ya mabeseni mawili meusi, akayaweka juu ya meza katikati ya ile nyumba ya plastiki, ili yaombewe pamoja na miche.

Pasta Njau ni mtu mwema, lakini maombi yake yana vituo vingi. Alianzia Mwanzo, Mungu alipoumba mimea. Akapitia serikali. Akaombea mvua, akaombea barabara ya Theta, akaombea ng'ombe wa Muriithi aliyevimba kiwele. Tukaimba. Mama mmoja akatoa ushuhuda wa goti lake. Pasta akaomba tena kwa kumalizia, halafu akaomba tena kwa kufunga. Jua lilikuwa limesimama juu ya plastiki, na jasho linanitiririka mpaka ndani ya viatu.

Mimi siku hizi sifumbi macho kwenye maombi marefu. Nikifumba nalala, nikilala nakoroma, na kukoroma katikati ya maombi ni dhambi kubwa kuliko kukodoa. Basi nilikuwa nakodoa. Beseni moja lilikuwa karibu na kiwiko changu. Nikatumbukiza kidole. Nilitaka tu kujua kama minyoo inauma. Haiumi.

Baada ya amina ya mwisho chakula kilikuwa tayari kwa Muriithi na kila mtu alikuwa na haraka. Mimi na Ndinda tulitoboa mashimo kwenye mchanga kwa kidole, tukamwaga kikombe kwa kila kopo, upesi upesi, tukaenda kula.

Tulingoja karibu miezi miwili. Miche ikakua, ya Ndinda na ya shahidi, yote mirefu, yote ya kijani. Mimi nilifurahi. Ndinda hakufurahi. Kila asubuhi alikuwa akimtazama shahidi kama mtu anayemtazama mgeni aliyekataa chai.

Siku ya kung'oa, alianza na shahidi. Aliosha mizizi ndani ya ndoo. Nyeupe, safi, kama nywele za mzungu mzee. Akang'oa wa pili. Safi. Wa tatu. Safi. Akang'oa nyanya zake. Safi zote.

Muriithi alirusha kofia juu. "Bwana asifiwe! Minyoo imekemewa!"

Jumapili jambo hilo likatangazwa kanisani. Pasta mwenyewe alisimama akashika mzizi mbele ya watu, na akina mama wakapiga ngemi, vigelegele vya kwetu. Muriithi akasema mbegu ya Ndinda itauzwa msimu huo huo, mbegu iliyoombewa, na foleni ya kuandikisha majina ikatoka nje ya mlango. Nami nilikuwa kwenye foleni. Nani ana minyoo kunishinda?

Jioni hiyo Ndinda akaja jikoni kwangu, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Una sura ya mtu aliyefiwa," nikamwambia. "Na umeshinda. Muriithi anauza. Hakuna hoho."

"Shosho, shahidi hakuugua."

"Ashukuriwe Mungu."

"Hapana! Shahidi asipougua mimi sijui kitu. Labda nyanya yangu inakataa minyoo. Labda minyoo haikuwako. Watu watapanda. Mamangu atapanda, nimeshamwambia aache makaa. Na mimi sijui kama nimempa mbegu ama nimempa maneno."

Nikamchokoza kidogo, nione ametengenezwa na nini. "Si unyamaze tu? Zikifa, tutasema imani yetu ilikuwa ndogo. Sisi tumezoea kulaumiwa."

Alinitazama kwa macho makali hata nikakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Basi," nikasema, "ni nini kiliwaua? Ni maombi?"

"Sijui. Asubuhi walikuwa hai. Jiki niliisuuza. Mchanga ulikuwa umepoa siku nyingi."

"Mimi naona walikufa kwa raha. Yale maji yalikuwa matamu, kama ya kuogeshea mtoto. Zaidi kidogo, hata. Mtoto angelia."

Ndinda akaweka kikombe chini.

"Umejuaje yalikuwa moto?"

"Nilitia kidole."

"Lini?"

"Pasta akiwa kwa ng'ombe. Hapana, alikuwa amemaliza ng'ombe, tumeingia kwa yule mama wa goti."

Alisimama hivyo hivyo, akaondoka bila kwaheri. Siku chache baadaye nilimkuta kwenye nyumba ya plastiki amechota minyoo mingine kutoka mizizi yangu, ameiweka kwenye beseni jeusi, mahali pale pale, saa ile ile. Jua lilipofanya kazi yake akadondosha tone kwenye kioo. Nikatazama. Vile viuzi vilikuwa vimenyooka kama pini kwenye mto wa fundi cherehani. Hakuna kilichojikunja.

"Tumewapika," akasema Ndinda.

Kumwambia Muriithi ilikuwa kazi nyingine. Alisikiliza mpaka mwisho, uso ukizidi kuiva.

"Mnataka nimwambie Pasta kwamba maombi yake yamepika minyoo?"

"Si maombi, bosi," akasema Ndinda.

"Ni urefu," nikasema mimi.

Alikasirika. Akasema tunapima kazi ya Mungu kwa beseni. Akasema majina ya watu yameandikwa, na kama Ndinda hana imani na mbegu yake mwenyewe, hoho zinangoja. Ndinda alitoka nje akasimama kando ya pipa la mchanga. Mimi sikusimama hapo. Nilikwenda kwa Pasta.

Nilimkuta akikamua.

"Pasta, nimekuja unisaidie kwa maombi."

"Sema, mama Waithira. Una shida gani?"

"Nataka uombee minyoo ya Muriithi iwe na afya."

Akaacha kukamua. "Niombee mnyoo?"

"Nuhu hakuiacha nje."

"Mnyoo ungepanda safina kwa miguu gani?"

"Uliingia ndani ya mizizi ya mwingine, kama kawaida yake."

Pasta alicheka mpaka ng'ombe akasogea na ndoo ikataka kumwagika. Nikamweleza yote, hata kidole. Alipangusa mikono kwenye aproni. Halafu akasema kwa sauti ya chini, kama hataki ng'ombe asikie:

"Mama, nimewaombea wagonjwa miaka mingi. Wengine wamepona, wengine nimewazika. Hakuna aliyewahi kupona upesi kama ile nyanya. Mimi mwenyewe nimekuwa nikijiuliza."

"Basi tujiulize pamoja. Weka mabeseni mawili. Moja tuliweke kivulini, uliombee utakavyo, hata mpaka Ufunuo. Lingine tuliache juani, na mtu yeyote asiliombee. Hata kimoyomoyo."

"Na kama lile la juani ndilo litakalokuwa hai?"

"Basi nitakuja kanisani nitoe ushuhuda wa kidole changu."

Muriithi angebishana na Ndinda na angebishana nami, lakini kwa Pasta alikunja kofia tu. Mbegu zikangoja, hoho zikangoja. Beseni moja likawekwa chini ya mti wa mparachichi nje, likafunikwa na gunia lenye maji. Pasta akaliombea, tena safari hii alifupisha, na aliposema "na viumbe hivi navyo, Bwana, vifanye kile ulichoviumbia," nilisikia mama mmoja akikosa pumzi kwa kicheko. Beseni lingine lilikaa juani peke yake kama mkosaji.

Maji ya kivulini tukawamwagia nyanya za Ndinda na mashahidi wa kawaida. Maji ya juani tukawamwagia mashahidi wengine, waliofungwa uzi mwekundu. Kisha tukangoja tena. Nilikuwa napita pale kila siku nikisingizia kwenda dukani. Muda wote huo Ndinda alikonda. Aliniambia sasa anaogopa mara mbili: mashahidi wasiugue tena, au waugue na nyanya zake ziugue pamoja nao.

Ilipofika siku ya kung'oa, Muriithi alikuja, Pasta alikuja, nami nilikuwa nimefika mapema nikashika nafasi ya ndoo.

Tulianza na wale wa uzi mwekundu, wa beseni la juani. Mizizi safi, nyeupe. Hakuna aliyewaombea na hawakuugua. Muriithi akakuna shingo.

Ndinda akang'oa shahidi wa kivulini. Akautumbukiza mzizi ndani ya maji, akautikisa. Tope likatoka, na chini ya tope tukaona vinundu, vingi, vinono, vimeshikana kama shanga. Nikapiga ngemi. Sijui kama kuna mtu mwingine Kiambu nzima amewahi kupigia ngemi ugonjwa, lakini nilipiga. Pasta akasema, "Wamefanya walichoumbiwa," akavua miwani akaipangusa.

"Mambo mazuri, shosho," akasema Ndinda, lakini sauti ilikuwa kavu. Zilikuwa zimebaki nyanya zake.

Alishika shina la kwanza. Akaliacha. Akalishika tena.

"Wewe ng'oa," akaniambia. "Mimi siwezi kutazama."

Akageuka, akatazama plastiki, mikono ameikunja kwapani kama mtu aliyepatwa na baridi mle ndani ya joto lote lile. Muriithi alitaka kusogea, nikamzuia kwa kiwiko.

Nikang'oa. Mnyanya ulikuwa na nguvu, ulinivuta nami nikauvuta. Mzizi ulitoka na mchanga mwingi. Nikauzamisha kwenye ndoo, nikauosha polepole kama miguu ya mtoto, kidole kwa kidole, nikibadilisha maji mpaka yakawa hayana rangi. Nikavaa miwani. Nikauinua kwenye mwanga, nikaupapasa kuanzia shingoni hadi kwenye nyuzi za mwisho, nikitafuta kinundu kwa kucha, maana kucha zangu zinaona kuliko macho.

"Shosho?" akasema Ndinda bila kugeuka. "Unaona nini?"

"Ngoja."

"Shosho, aki sema!"

Nikaupitia tena, kutoka chini kwenda juu.

"Naona mizizi," nikasema.

"Na nini?"

"Mizizi tu, mwanangu. Geuka. Mizizi tu."